Kuku Kipofu na Honi ya Lori la Chai

Nyinyi vijana mnaofuga kuku nyuma ya nyumba, nyinyi mlioniandika kwenye simu zenu kama "Dakta Kuku" ingawa sijawahi kuwa daktari wa chochote, hebu vuteni viti. Kila wiki mmoja wenu hunipigia na swali lilelile: "Mzee, kuku wangu haoni. Nimchinje?" Kwa miaka thelathini na mitatu nikiwa afisa wa mifugo wa nyanjani, jibu lilikuwa mdomoni kabla hujamaliza kuuliza. Chinja, kula, sahau. Nililisema hapa Merigi, nikalisema Mulot, nikalisema kila mahali pikipiki yangu ilipokubali kufika. Sasa nimestaafu na jibu limebadilika. Aliyelibadilisha yuko hapa chini ya kiti changu ninapoandika, anajikuna na kurusha vumbi kwenye viatu vyangu. Anaitwa Madam. Haoni hata mwanga wa jua, na anajua saa kuliko mtu yeyote katika boma hili.

Lakini siwezi kuwaeleza habari za Madam bila kuanza na magoti.

Nilipoajiriwa nilipewa vitu vitatu: pikipiki, kasha la barafu la kubebea chanjo, na Bi Rael. Bi Rael alikuwa mama wa Kipsigis, mwembamba, mkali, aliyeweza kumshika jogoo kwa mkono mmoja bila kumwaga chai iliyokuwa kwenye mkono mwingine. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye banda la mkulima mmoja, akaniambia nikague. Mimi na diploma yangu mpya tukaingia, tukasimama wima katikati, tukavuta pumzi. Nikaandika kwenye daftari: hewa ni safi.

"Ni safi kwa nani?" akauliza Bi Rael.

"Kwa kuku, Bi Rael."

"Hiyo kuku iko na urefu kama wewe?"

Akanishika bega, akanisukuma chini mpaka magoti yakagusa matandiko. Weh! Hapo chini kulikuwa na nchi nyingine. Ile amonia inayotoka kwenye mavi yaliyolowa ilinipanda puani, macho yakaanza kutiririka, nikakohoa mpaka kofia ikaanguka. Yeye alikuwa amesimama palepale anakunywa chai yake.

"Sasa wewe ni kuku," akasema. "Andika tena."

Tangu siku hiyo sikukagua banda nikiwa nimesimama. Unapiga magoti, unafunga mdomo, unavuta pumzi kwa pua, unahesabu mpaka kumi. Macho yakiwasha, toa matandiko yaliyolowa, weka makavu, ziba bomba au chombo kinachovuja, na fungua hewa ipite juu ya vichwa vya kuku. Hiyo ndiyo elimu yangu yote, nyingine ni mapambo.

Kule Mulot magoti hayo yaliniletea sifa nisizostahili. Niliingia banda la mama mmoja, nikapiga magoti, nikafunga macho, nikaanza kuhesabu. Nilipofika kumi nikasimama nikipangusa machozi, na nyuma yangu nikasikia sauti za watu wengi: "Amina!" Mwenye banda alikuwa amepiga magoti pia, na dada yake, na mama mkwe wake. Niliporudi mwezi uliofuata nilikuta watu kumi na mmoja wamejipanga na majogoo kwapani. Walikuwa wameambiwa kuna afisa wa serikali anayelia mbele za Mungu kwa ajili ya kuku wa watu. Nikachanja majogoo wote. Mzee mmoja akaniomba nimguse ng'ombe wake pia.

Basi mtu wa aina hiyo, mtu aliyepiga magoti katika mabanda yote ya Bomet, ndiye aliyestaafu akarudi nyumbani na kufanya ujinga ufuatao.

Mke wangu anaitwa Chebet, lakini kwa kuwa kifungua mimba wetu ni Wairimu, mimi humwita Mama Wairimu. Mimi ni Mkikuyu ambaye baba yake alihamia huku akiwa kijana na hakurudi tena. Yeye ni mtu wa Sigowet. Kuku ni wake. Hilo mlielewe vizuri. Mimi nilikuwa na kuku wa wilaya nzima, lakini hawa kumi na wanne nyuma ya nyumba ni wake, na kati yao Madam alikuwa kipenzi. Alimpa jina hilo kwa sababu alitembea kama mwalimu mkuu anayekagua kucha za wanafunzi.

Mwezi wangu wa kwanza wa kustaafu ukaangukia kwenye ile baridi ya katikati ya mwaka. Mnaijua: ukungu unakaa kwenye majani chai mpaka saa nne asubuhi, na mvua inanyesha bila haraka, kana kwamba nayo imestaafu. Nilikuwa sina kazi. Mikono ilikuwa inaniwasha. Nikawaangalia wale kuku wamejikunyata, nikawaonea huruma. Nikachukua magunia ya nailoni, yale tunayobebea majani chai, nikayapigilia misumari kwenye wavu wote wa banda. Pande zote nne. Nikaziba hata ule mwanya wa juu, ule ambao ningemfokea mkulima yeyote kwa kuuziba. Banda likawa na joto zuri. Nikajipongeza.

Sikupiga magoti. Ningepiga magoti kwa nini, na hilo lilikuwa banda langu?

Siku sita baadaye kuku wakatoka wamefumba macho, machozi yanatiririka. Nilijua papo hapo. Mama Wairimu alikuwa ameenda kwenye ushirika wa akina mama, kwa hiyo nikang'oa magunia mbiombio, nikatoa matandiko, nikawaosha macho mmoja mmoja kwa maji vuguvugu yaliyochemshwa na chumvi kidogo, nikawapaka dawa ya macho kutoka duka la dawa za mifugo. Kumi na watatu walipona. Madam alikuwa na tabia ya kulala pembeni, chini, karibu na chombo cha maji kilichokuwa kinavuja. Yeye macho yaligeuka meupe na yakabaki hivyo.

"Nini imemfanya hivi?" akauliza Mama Wairimu aliporudi, amemkumbatia kuku kama mtoto.

Na mimi, afisa wa mifugo mstaafu, shemasi wa kanisa, nikasema, "Ni ndui ya kuku. Imetoka kwa jirani."

"Na magunia?"

"Nimeyaweka na ya majani. Yalikuwa yanapata uchafu."

Akampapasa Madam kichwani. Kisha akasema, "Ndugu zangu wanakuja baada ya wiki tatu, maombi ya shukrani ya kustaafu kwako. Kama siku hiyo Madam hajui kujilisha mwenyewe, ataingia sufuria. Siwezi kuangalia kuku yangu ikifa njaa polepole."

Vijana, niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nilikuwa nimempofusha kuku wa mke wangu, nikamsingizia jirani, na sasa kuku angechinjwa kwenye sherehe ya kunipongeza kwa utaalamu wangu wa kuku. Nikaapa kwamba Madam hataonja ile sufuria.

Sasa sikilizeni, kwa maana hapa ndipo penye kazi.

Kuku asiyeona hafi kwa upofu. Anakufa njaa huku amesimama hatua tatu kutoka kwenye chakula. Kosa langu la kwanza lilikuwa wema. Kila alipokuwa ameketi, nilimpelekea bakuli hapo hapo, kama mhudumu wa hoteli. Bakuli likawa halina makao, na yeye akawa hana ramani. Siku ya nne nikashika gole lake jioni, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Lilikuwa tupu, limelegea. Huo ndio ukaguzi wenu wa kila jioni: shikeni gole. Likijaa, lala salama. Likiwa tupu, umeshindwa wewe, si kuku.

Nikabadilisha. Nikamtengea kona yake iliyozungushiwa wavu ndani ya banda, kwa sababu wenzake walikuwa wameanza kumdonoa kichwani. Kuku hawana huruma na mgonjwa. Nikampa mwenzake mmoja mpole, kuku mzee aliyeacha kutaga, tunamwita Shosho, yaani Bibi. Kuku asiyeona husikiliza mwenzake akidonoa, naye hudonoa. Nikapigilia bakuli la chakula kwenye ubao lisihame. La maji likawa fupi, lina kokoto ndani, asizame kidevu chote. Ufito wa kulalia nikaushusha mpaka kimo cha kiganja. Kisha nikachukua gunia moja, ndiyo, moja ya yale yale magunia, nikalitandika chini kutoka mahali anapolala mpaka kwenye bakuli. Miguu yake ikiwa kwenye nailoni, yuko barabarani. Ikigusa maranda, amepotea njia. Na kabla ya kumgusa, mwongeleshe. Wewe pia ukishikwa kiuno ghafla gizani utapiga kelele.

Yote hayo yalisaidia, lakini Madam hakutoka mahali pake pa kulala bila kusukumwa. Alingoja. Kilichomtoa ni kitu nisichokipanga.

Nyuma ya shamba letu kuna kituo cha majani chai, pale wachumaji wanapopimiwa. Kila siku saa tisa lori la kiwanda hufika kubeba majani, na dereva hupiga honi kabla ya kona: pii, pii, piiiii! Mbili fupi, moja ndefu. Mimi nilikuwa nampa Madam mahindi yaliyopondwa saa hiyo hiyo, kwa sababu baada ya hapo nilikuwa naenda kupeleka majani yetu. Siku ya kumi nikachelewa, nilikuwa bado natafuta kofia. Honi ikalia. Nikachungulia banda na kuona Madam ameinuka, ametikisa mabawa, ameshika njia ya gunia, hatua kwa hatua, kichwa juu kama mkaguzi wa shule, mpaka bakulini. Tok! Akadonoa ubao mtupu. Akasimama akanigeuzia lile jicho jeupe kana kwamba anauliza mpishi yuko wapi.

Nilipiga kelele za furaha mpaka Mama Wairimu akadhani nimeumwa na nyuki. Nilicheza. Mzee wa miaka sitini na kidogo, nimevaa gambuti, nikacheza ndani ya banda na Shosho akanikwepa.

"Amejua!" nikamwambia. "Ikilia honi anaenda kula mwenyewe!"

"Tutaona siku ya wageni," akasema, lakini niliona anauma mdomo asicheke.

Siku ikafika. Ndugu zake wakaja kutoka Sigowet wakiwa tisa, wakiongozwa na Mzee Joel, kaka mkubwa, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kuezua paa. Nilivaa suti. Mama Wairimu alikuwa ametangaza habari ya jaribio, kwa hiyo saa tisa kasoro, watu wote tukatoka kwenda bandani kabla ya maombi. Nikapita mbele ya jiko na kuona sufuria kubwa ya maji juu ya moto, yanatokota. Mnajua maji ya moto na kuku huambatana vipi.

Saa tisa ikafika bila honi.

Saa tisa na dakika kumi, bado. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, na ile kona ya chini ikilowa inakuwa sabuni tupu. Mchumaji mmoja akapita na gunia kichwani, nikamuuliza lori liko wapi.

"Limekwama huko chini, mzee. Wanalisukuma."

Madam alikuwa ametulia kwenye kona yake. Shosho alikuwa amesinzia.

"Sandana," akasema Mzee Joel, yaani shemeji kwa Kikipsigis, "hii kuku yako inangoja nini?"

"Inangoja lori," nikasema. Watu tisa wakaangaliana.

Mama Wairimu akageuka kuelekea jikoni. Basi nikafanya nilichofanya. Nikashika ukosi wa suti, nikajaza mapafu, nikapiga honi kwa mdomo mbele ya wakwe: "Pii, pii, piiiii!"

Madam akainua kichwa, akakiinamisha upande mmoja. Honi yangu ilikuwa kama ya pikipiki, si ya lori.

"Iko na sauti ndogo," akasema Mzee Joel kwa uzito wa mwalimu anayesahihisha insha. "Lori ni kitu nzito. Ngoja nikusaidie."

Akavua kofia. Tukasimama bega kwa bega, wazee wawili wa kanisa, tukapiga: "Pii! Pii! Piiiiiii!" Ng'ombe wa jirani akajibu. Na Madam akainuka. Akatikisa mabawa. Akaweka mguu mmoja kwenye gunia, akaonja, akaweka wa pili. Alikosea mara moja, kucha zikagusa maranda, akasimama, akarudi barabarani mwenyewe. Tok. Tok tok tok. Akala mahindi kama mtu aliyetoka kufunga siku arobaini.

Watu walishangilia, vijana! Mashemeji walipigana mabega. Mzee Joel alilia machozi ya kucheka, kisha akainua mikono juu, akaanza maombi pale pale, kwa ile sauti yake: "Bwana, tunakushukuru kwa mtaalamu huyu! Ndui ya kuku ilileta giza, lakini mkono wake ukaleta nuru! Hakuna mtu anajua kuku kama huyu katika..."

"Si ndui," nikasema.

Maombi yakakatika. Nilikuwa sijapanga. Ulimi ulijisemea, kwa sababu sikuweza kusimama pale Mungu anadanganywa kwa niaba yangu na mtu mwaminifu hivyo.

"Si ndui na si jirani. Ni mimi. Niliziba banda kwa magunia, hewa ikaharibika, ikamchoma macho. Nimefundisha watu miaka thelathini na mitatu wasifanye hivyo, na mimi nikafanya, na nikamdanganya mke wangu."

Nilimwangalia Mama Wairimu. Alikuwa amekunja mikono juu ya leso yake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku hiyo hiyo. Nilifua hayo magunia mimi, Baba Wairimu. Yalikuwa yananuka mpaka nikatoa machozi. Na ndui inaacha vidonda kwa shungi la kichwa na kando ya mdomo. Madam alikuwa na kidonda gani? Miaka yote hiyo ukirudi jioni ukinisomea habari za kuku, ulidhani nilikuwa nalala?"

"Kwa nini hukusema?"

"Haikuwa yangu ya kusema. Nilikuwa nangoja useme wewe." Kisha akatabasamu, lile tabasamu lililonifanya mwaka ule wa zamani nipande pikipiki mpaka Sigowet bila sababu ya kikazi. "Wiki tatu ulikuwa hapa kwa magoti na hiyo kuku. Ningemchinja vipi?"

"Na yale maji yanayotokota?"

"Ni ya chai! Wageni watu tisa hawanywi chai? Mbuzi imeiva kwa jirani, Mama Cheptoo, toka asubuhi."

Mzee Joel ndiye aliyeanza kucheka, na alipoanza hakukuwa na wa kumzuia. Alipotulia akataka aonyeshwe hiyo hewa ya chini. Nikamwambia ni lazima apige magoti. Akatandika leso ya mfukoni, akashuka na suruali yake nzuri, na ndugu zake wakamfuata mmoja baada ya mwingine, mpaka banda lote likawa limejaa watu wazima waliofunga macho wakinusa. Mama Wairimu akapiga magoti kando yangu na kunishika mkono.

"Ni safi," akasema.

Na hapo, chini kwenye kona ile yenye matope, lori likalia. Madam akainuka kwa mara ya pili, akapita mbele ya wakwe waliopiga magoti, akaenda kuulizia chakula chake. Tukasema Amina sote.

Kwa hiyo ukinipigia kuniuliza kama umchinje, nitakuuliza kwanza ulinusa banda ukiwa umesimama au umepiga magoti. Kisha nitakuuliza ni nani aliyeziba. Sikufokei. Nataka tu uniambie mwenyewe, kisha tuendelee na mambo ya bakuli.

Jana nilikuwa kwenye simu na mmoja wenu, nimesahau saa kabisa. Lori lilikuwa limechelewa tena. Nikasikia honi kutoka jikoni: mbili fupi, moja ndefu, sauti ya mwanamke anayejizuia kucheka. Madam akainuka akaanza safari yake ya gunia. Mimi nikakata simu, nikainuka pia, nikashika njia ya kwenda kunywa chai.